Naomba ushauri kuhusu kuonja bourbon ya kiwanda kidogo

Ndugu wanachama, salaam. Ninaishi Louisville, Kentucky, na juzi nilinunua chupa ya bourbon, yaani wiski ya Marekani ya mahindi, kutoka kiwanda kidogo kinachotumia mahindi na ngano ya mashamba ya jirani. Ninafahamu kwamba sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51 ya nafaka, na kwamba pombe ikae katika chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, kwa desturi pipa.

Nilipoinusa nilipata harufu ya mahindi ya kuchoma, yale yanayogeuzwa juu ya jiko la mkaa, nikafurahi sana. Lakini nilipoionja, ukali wake wa asilimia 58 ulinikaba koo, na harufu ile yote ikapotea. Nilipoongeza matone machache ya maji ulikuja utamu kama wa sukari guru, kisha uchungu wa mbao ukabaki ulimini kwa muda mrefu.

Naomba wenye uzoefu mnieleze: niongeze maji kiasi gani, niiache kwenye glasi kwa muda gani kabla ya kuonja, na nitatofautishaje ladha ya pipa na ya nafaka yenyewe, ambayo ndiyo hasa ninayoitafuta?