Springi za nyuma zimelala: nizichome, niongeze washa au ninunue mpya?

BodaMlola

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina pikipiki, Boxer 150, niliinunua mkononi kwa mtu mwaka 2021. Imetembea kilomita ngapi sijui, maana waya wa spidi mita ulikatika kabla haijafika kwangu. Kazi yake ni Mlola na Lushoto mjini: asubuhi naleta viazi na karoti, mchana narudi na abiria. Barabara yetu wanaoijua wanaijua, mawe na makorongo, mvua ikinyesha unaendesha kwa dua.

Tatizo liko hivi. Nikipakia magunia mawili, madigadi ya nyuma inakula tairi, nasikia mpaka harufu ya mpira. Nikiwa na abiria tu, inanesa. Nikipita tuta moja inaruka mara tatu, nne. Juzi nimembeba mama mmoja kutoka sokoni, akanigonga mgongoni: "Mwanangu, simama kwanza. Hapa nimepanda pikipiki au punda?" Akashuka palepale, akamalizia kwa miguu, na nauli akanikata nusu.

Nimezunguka kwa mafundi. Wa kwanza anasema tuzitoe springi, tuzichome mpaka ziwe nyekundu, tuzivute zirudi urefu wake, elfu 15 tu. Wa pili anasema tuweke washa, zile pete bapa za chuma, mbilimbili chini ya springi. Mwenye duka la spea anataka nichukue shokapu "za mzigo", zenye springi ya waya mnene, elfu 85 jozi. Januari ndiyo hii na watoto wawili wanarudi shule. Nifuate ya nani?

Nilisahau: shokapu ya kulia ina vumbi limeganda pale kwenye rodi, kile chuma kinachoingia na kutoka kwenye bomba, kama tope la oili. Ya kushoto ni kavu.

Mzee wa Kijiwe

Nunua mpya mkuu, usijitese.

DerevaKahama

Mimi nilikata tairi kuukuu vipande, nikavibana katikati ya mizunguko ya springi. Wiki mbili nilikuwa mfalme, nabeba mpaka mifuko mitatu ya saruji. Wiki ya tatu rodi ikapinda na sili, ule mpira unaozuia oili, ikaimwaga yote. Usijaribu.

FundiChumaTanga

Kijana, umeandika habari nyingi halafu jibu ukalificha kwenye "nilisahau". Tope la oili kwenye rodi ya kulia. Hapo ndipo pa kuanzia.

Shokapu ina vitu viwili ndani ya umbo moja. Springi inabeba. Oili iliyomo kwenye bomba inaituliza springi ikishabeba, maana springi peke yake ukiikandamiza inarudi, inapitiliza, inarudi tena, haijui kusimama. Kulala ni ugonjwa wa springi, kunesa ni ugonjwa wa oili. Wewe unayo yote mawili, ndiyo maana kila fundi amekupa dawa yake.

Kuchoma nakukataza, na nakukataza kwa sababu nilishafanya. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi, bosi hayupo, nikaipeleka springi ya mteja kwenye moto wa mhunzi. Ikawa nyekundu, nikaivuta, nikaiacha ipoe yenyewe. Ilitoka ndefu, nzuri, nikaipiga na rangi. Mteja aliondoka anachekelea. Jioni akarudi, pikipiki imekaa chini kama kuku anayeatamia. Chuma cha springi kiwandani kinapewa moto na kupozwa kwa kipimo, ndiyo maana kinakumbuka umbo lake. Ukikichoma hadi wekundu kikapoa polepole, kinakuwa laini kama waya wa kufungia nondo. Ukikimwagia maji kinakuwa kama kioo, na hicho ni kibaya zaidi: kinakatika ukiwa kwenye mteremko wa Soni na mtu nyuma. Bosi alinilipisha springi ile kwa kunikata mshahara.

Washa haziongezi ugumu hata kidogo. Zinaikandamiza springi kabla mzigo haujaja, kwa hiyo pikipiki inanyanyuka, basi. Ni kazi ileile ya kikombe cha ngazi kilicho kwenye shokapu, kile kinachogeuzwa kwa spana ya ndoano. Ukizidisha, mizunguko ya springi inagusana kabla shokapu haijafika mwisho wake. Hapo ni chuma kwa chuma, na kinachopinda ni rodi, au masikio ya fremu.

Za waya mnene sikuambii ni mbaya, ila ujue unanunua nini. Ugumu wa springi unafuata unene wa waya kwa kuzidisha mara nne: unene mara unene mara unene mara unene. Waya wa milimita 7 ukiubadilisha kwa wa milimita 8, mizunguko na upana vikiwa vilevile, ugumu unapanda kama asilimia 70. Kwa macho utaona zimefanana. Asubuhi na viazi utafurahi; mchana yule mama atakushukia tena, safari hii kwa sababu amekaa kwenye ubao.

Sasa fanya hivi, bure kabisa. Pikipiki haina kitu, shika keria, kandamiza kwa uzito wako wote, achia. Inatakiwa ipande na ikae. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, oili imekufa. Kisha ipige dabo stendi, ile stendi ya katikati, gurudumu la nyuma lining'inie, upime kwa futi kutoka katikati ya ekseli kwenda juu kwenye bolti moja ya keria. Andika. Ishushe, ukae juu yake, mwenzako apime tena palepale. Pikipiki za kazi namna hii, gurudumu la nyuma lina safari kama sentimita 10. Ukikaa peke yako inatakiwa ishuke robo hadi theluthi ya safari hiyo. Leta namba.

Likoni254

Fundi amesema kweli. Niongeze moja kwa walio pwani: sisi huku tunavuka feri kila siku, chumvi ndiyo inatumaliza. Rangi ya springi ikibanduka kutu inachimba vishimo kwenye waya, na springi hukatikia hapo hapo kwenye kishimo. Yangu ilikatika mzunguko wa chini kabisa, nikatembea nayo siku nne bila kujua, nasikia tu kelele ya kugonga. Oshea maji baridi yasiyo na chumvi, zikikauka zipake rangi.

BodaMlola

Nimerudi. Kwenye dabo stendi sentimita 42. Mimi nimekaa, na mimi ni mwembamba, sentimita 36 na nusu. Yaani imekula tano na nusu kabla sijapakia hata kiazi kimoja. Ile ya kukandamiza keria, ilipanda na kushuka mara tatu, wenzangu kijiweni wakaanza kuhesabu kwa sauti.

Nikaona bora nijue ukweli wote. Nikampelekea fundi wa hapa jirani, ana kile kibano cha kukandamizia springi, tukazitoa kwenye bomba. Springi za hii ni mbilimbili, ndogo ndani ya kubwa. Tukazisimamisha mezani: kubwa ya kushoto imeizidi ya kulia karibu kidole kizima. Rodi ya kulia nikaisukuma kwa mkono ikaingia yote kama pampu ya baiskeli iliyokufa, inapiga mluzi, halafu ikabaki humo humo. Ya kushoto inakaza kiasi, lakini katikati kuna mahali inateleza bure.

Na sasa kali. Chini ya springi ya kushoto tumekuta washa. Moja, nene, imepigwa rangi nyeusi usiione. Mimi sijawahi kuiweka. Kumbe aliyeniuzia alishaitibu upande mmoja! Ndiyo maana siku zote nikiachia mikono naona inavuta upande.

FundiChumaTanga

Aliyekuuzia alikuwa fundi wa kuuza, si wa kutengeneza.

Sentimita tano na nusu ni nusu ya safari na zaidi. Springi hizo zimekwisha, na usinunue upande mmoja ukadhani umeokoa hela. Jozi kwa jozi, daima. Moja ngumu moja laini, mkono wa gurudumu unajipinda kila unapoingia shimoni, na bushi zake zinaisha kwa upande.

Watakwambia unaweza kufufua bomba. Inawezekana kwa baadhi. Tazama mdomo wa bomba pale rodi inapoingilia: ikiwa kuna nati ya kufungua, mtu anaweka sili mpya na oili ya shokapu ya 10W, anaipima kwa sindano ili pande zote ziwe sawa, anapampu taratibu mpaka mapovu yaishe. Oili ya injini usikubali, ni nzito mno. Na rodi lazima iwe inang'aa. Ikiwa na kutu au mikwaruzo, sili mpya itakatwa ndani ya mwezi. Ikiwa mdomo umekunjwa kiwandani, bila nati, achana nayo. Na zile zenye kikopo cha gesi pembeni usiruhusu mtu azitoboe, zina presha ya kumtoa mtu jicho.

BodaMlola

Umekunjwa. Hakuna nati.

FundiChumaTanga

Basi nunua, lakini za kawaida za Boxer, si za mzigo. Nenda dukani na moja ya zamani mkononi. Weka sambamba: tundu la juu mpaka tundu la chini urefu uwe mmoja. Ikizidi hata sentimita mbili, pikipiki inanyanyuka nyuma, stendi ya pembeni inakuwa fupi, na cheni inabadilika mkazo. Ingiza bolti zako kwenye matundu, zisicheze. Sukuma shokapu chini kwa nguvu palepale dukani, sikiliza: irudi polepole kuliko ilivyokwenda.

Ukifunga, kaza nati mwisho kabisa pikipiki ikiwa imesimama kwa magurudumu, siyo inaning'inia, la sivyo bushi za mpira zinakaa zimejisokota. Angalia mkazo wa cheni upya ukiwa umekaa. Vikombe vya ngazi weka kituo kimoja pande zote, anzia cha pili, upime tena na futi.

Na hayo magunia mawili. Ni ya kawaida au lumbesa, yale ya kujazwa kupita mdomo?

BodaMlola

Lumbesa, fundi. Huku mnunuzi ndiye anayeamua gunia lijae vipi.

FundiChumaTanga

Nilijua. Hakuna springi inayouzwa kwa ajili ya lumbesa mbili na dereva. Duka likikwambia ipo, muulize kama na fremu wanauza.

DerevaKahama

Hahaha, hapo umetugusa wengi.

BodaMlola

Mrejesho, wiki ya pili leo. Nilipata jozi ya kawaida kwa elfu 60, nimefunga nikifuata maelezo, kaka yangu kashika futi. Kituo cha pili ilikula sentimita tatu na nusu, nikapandisha cha tatu ikaja tatu kasoro. Tuta naipita inasimama mara moja. Yule mama nimembeba tena bila kumwambia kitu. Alipofika kwake alishuka, akalipa yote, akaiangalia pikipiki, akauliza kama ni ileile.

Kuhusu viazi, nimebishana na mnunuzi siku tatu. Sasa napakia gunia moja na nusu. Ile nusu nyingine naifuata safari ya pili, na mafuta ya safari hiyo tumekubaliana atoe yeye.