Viwanja vikongwe vya besiboli: kukarabati au kujenga upya?

Mkazi wa Dearborn: Wadau, Fenway Park wa Boston na Tiger Stadium wa Detroit vilifunguliwa siku moja, 20 Aprili 1912. Boston walikuwa na mpango wa kujenga mpya mwaka 1999, wamiliki waliokuja 2002 wakaamua kukarabati, na watu wanaingia hadi leo. Detroit walicheza mechi ya mwisho Septemba 1999 wakahama, uwanja ukakaa mtupu, 2008 wakaanza kuuvunja. Nasema walikosea. Nani anapinga?

Fundi Chuma: Mimi. Nguzo zilisimama katikati ya watazamaji. Ukipangiwa nyuma yake humwoni mrushaji wala mpigaji. Anayelilia uwanja wa hivyo analilia ujana wake.

Babu wa Lowell: Mdogo wangu Fundi, nguzo zile ndizo zilizobeba jukwaa la juu likawa karibu na nyasi. Upande wa kulia lilitokeza futi 10 mbele ya la chini, mpira wa juu unaangukia huko na mdakaji anautazama tu. Ukiondoa nguzo, jukwaa linasogezwa nyuma, na anayetupwa mbali ni mwenye tiketi ya bei ndogo. Halafu ujana wangu niliuacha Tanga, sikuuacha Detroit. Chunga maneno.

Fundi Chuma: Shikamoo mzee, sikukulenga wewe. Ila chuma cha 1912 kinakula hela. Hata Dar walijenga Mkapa 2007, hawakung'ang'ania Uhuru.

Binti Temeke: Kaka Fundi, Uhuru nani kauvunja? Upo palepale, ubavuni mwa Mkapa! Bendera yetu ilipandishwa pale usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961. Usiutumie kutetea bomoabomoa.

Mnyama Halisi: Dada, Mkapa unachukua watu 60,000. Simba na Yanga ungewaweka wapi, Uhuru?

Binti Temeke: Nimesema wasijenge Mkapa? Soma kwanza. Nimesema mkongwe uliachwa umesimama.

Mnyama Halisi: Nimesoma. Unatetea ukumbusho, mimi natetea mtu anayekosa kiti.

Fundi Chuma: Hapo Mnyama kanisemea.

Mkazi wa Dearborn: Jamani, turudi Detroit. Nimepita pale kona ya barabara za Michigan na Trumbull, uwanja ulipokuwa. Watoto wanacheza, na mlingoti wa bendera uliokuwa ndani ya eneo la kuchezea bado umesimama mahali pake. Ila chini wametandika nyasi bandia.

Babu wa Lowell: Nyasi bandia? Pale?

Mkazi wa Dearborn: Tangu 2018, mzee wangu. Watoto wanacheza hata baada ya mvua.

Babu wa Lowell: Baada ya kuvunjwa, wakazi walikuwa wanakwenda na mashine zao kufyeka majani pale, bila malipo. Mngewauliza wao kwanza.

Fundi Chuma: Mzee, watoto wanacheza lakini.