Koo la njano, mkufu mweusi: tupeane uzoefu wa kumtambua ndege Macronyx croceus

Darubini Kuukuu: Anzeni na mgongo, maana ndio anaouonyesha. Akiwa kwenye nyasi hupenda kukupa kisogo: kahawia yenye michirizi, kama kisiki. Subiri ageuke au aruke. Akigeuka utaona koo la njano, mkufu mweusi mzima (mstari mweusi kifuani), tumbo la njano. Akiruka, hupiga mbawa mara chache, huteleza, na pembe za mkia huonekana nyeupe. Urefu sm 20 hadi 22.

Mtu wa Tsavo: Huku pakavu angalieni mara mbili, tuna ndugu yake, Macronyx aurantiigula. Koo lake limeelekea rangi ya chungwa, njano imebaki katikati ya kifua, na mbavu zina michirizi.

Bi Nyasi: Kweli kabisa. Mbavu ndizo zinazoamua.

Kijana wa Pwani: Mimi nasema picha niliyoweka jana ni ya ndugu yao mwingine, Macronyx sharpei. Mkufu umekatika vidoadoa!

Darubini Kuukuu: Sharpei pwani? Labda kapanda treni ya SGR.

Shungi la Kinangop: Hapo ndipo wengi huangukia. Kinda la croceus halina mkufu mzima. Lina michirizi kifuani na njano iliyofifia, basi watu hushangilia sharpei. Sharpei yuko Kenya tu, nyanda za juu, kwenye nyasi fupi zenye mashungi, na yuko hatarini kutoweka. Ni mdogo zaidi, sm 16 au 17 hivi. Vichaka havimpendezi, ilhali croceus huimba juu ya kichaka bila aibu. Kwa hiyo kabla ya rangi, andika mwinuko na alisimama juu ya nini. Halafu tazama jirani: kinda mara nyingi huwa na mzazi mwenye mkufu kamili hapo hapo.

Kijana wa Pwani: Alikuwa juu ya mkorosho.

Bi Nyasi: 😂 Kesi imefungwa.

Fundi Picha: Punguzeni mwanga kidogo kwenye kamera, njano ikiungua mpaka wa mkufu hupotea. Akijificha, mchezee sauti yake kwenye simu.

Shungi la Kinangop: Usimchezee! Kiota kiko chini, ndani ya shungi la nyasi. Ukimvuta atoke, mayai yanabaki wazi.

Fundi Picha: Mara moja tu haiui.

Mtu wa Tsavo: Kila mtu husema mara moja. Kaa jua likiwa mgongoni kwako, atapanda kuimba mwenyewe.