Mjadala: Korona ilitikisa Bergamo ya Italia, ikatupita Malindi. Kwa nini?

Kijana wa Barani (Malindi): Machi 18, 2020 malori ya jeshi yalibeba majeneza kutoka Bergamo, maana mji ulishindwa na maiti wake. Hapa kwetu, ambapo Mtaliani ni jirani wa kila siku, tulifungiwa kaunti na kupigwa kafyu, lakini makaburi hayakujaa. Kufikia Julai 31 Kenya nzima ilikuwa imeandika vifo 341. Msiseme kirusi hakikufika: watafiti walipopima damu za wachangiaji kati ya Aprili na Juni, walikadiria kuwa asilimia 4.3 walishaambukizwa, na Mombasa asilimia 8. Rai yangu ni kwamba sababu ni umri tu. Nusu ya Wakenya hawajafika miaka 21. Italia nusu wameshavuka 45. Anayepinga alete hoja.

Mama Swabra: Mwanangu, jua umeliacha wapi? Na miili yetu imeshazoea malaria. Tulijifukiza mwarubaini, tukanywa tangawizi na ndimu, yakaisha.

Nahodha wa Langoni (Lamu): Mama Swabra, na mimi nilijifukiza, sina ugomvi na mwarubaini. Lakini Iquitos, mji wa Peru ulio ndani ya msitu wa Amazoni, una joto mwaka mzima na malaria tele, na 2020 watu walikufa wakihangaikia mitungi ya oksijeni. Peru ilipohesabu upya mwishoni mwa Mei 2021, vifo vilipanda kutoka kama 69,000 hadi zaidi ya 180,000. Nayo si nchi ya wazee. Kijana, hiyo "tu" yako itetee.

Mwanafunzi, Maweni: Umegusa penyewe: kuhesabu. Lusaka, Zambia, 2020 walipima maiti katika mochari ya hospitali ya chuo kikuu. Kati ya 364, 70 walikutwa na kirusi, na waliokuwa wamepimwa wakiwa hai hawakufika kumi. Huku kwetu mtu akifariki asubuhi, alasiri ameshazikwa. Nani alimpima? Hiyo 341 ni idadi ya waliobahatika kupimwa.

Muuguzi Mstaafu (Kilifi): Wanangu, jibu liko hapa hapa pwani. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, tawi la Kilifi, wana utaratibu wa kupita nyumba kwa nyumba kuandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa, awe alipimwa au hakupimwa. Walilinganisha Aprili 2020 hadi Mei 2022 na miaka tisa ya nyuma. Vifo vilizidi kwa asilimia 4.8. Si nyingi, ukilinganisha na Ulaya. Sasa ifumueni hiyo namba: kwa wenye miaka 65 na zaidi ongezeko ni asilimia 11.6, na kwa watoto wa mwaka 1 hadi 14 hesabu ilielekea chini (hii ya watoto msiitegemee sana, haina uhakika). Mwanafunzi ana haki, wapo waliofichika. Kijana ana haki zaidi. Wazee wetu walikufa, ila ni wachache, na mzee wa miaka 78 akifa twasema siku zake zimefika, alikuwa na pumu. Ndiyo maana hili neno "ikatupita" laniudhi. Iliwapita vijana.

Msomaji: Mbona hamtaji jeni? Kuna kipande cha kromosomu ya 3 (uzi mmoja kati ya zinazobeba jeni), urithi wa Neanderthali, binadamu wa kale waliotoweka, kinachozidisha makali ya korona. Ulaya wanacho kama asilimia 16, Asia ya Kusini karibu nusu, Waafrika karibu hawana.

Nahodha wa Langoni: Huenda kinachangia, lakini msikipe kazi yote. Mafua ya 1918: Samoa ya Magharibi, visiwa vya Pasifiki, iliiachia meli ya Talune kutoka Auckland ikatia nanga Apia na wagonjwa ndani. Akafa takriban mtu mmoja kati ya watano. Samoa ya Marekani, ng'ambo tu ya maji, gavana alifunga bandari na hakufa mtu kwa mafua yale. Watu ni wamoja, damu moja, lugha moja. Jeni ilifanya nini hapo?

Mama Swabra: Basi Lamu ukiifunga hivyo, unga na mboga za Mokowe, kule bara, zitavukaje?

Nahodha wa Langoni: Vyakula vivuke, mama. Watu ndio wangoje Mokowe siku kadhaa kabla ya kupanda mashua. Pa kuwalaza wote hao ndipo nisipopaona.