Wauzaji wa betri Mbeya, mnatuuzia betri za litiamu zilizozeekea stoo

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Katika baadhi ya maduka ya vifaa vya kompyuta hapa Mwanjelwa, betri za litiamu huchajiwa hadi zijae kabisa, kisha hurundikwa miezi na miezi katika stoo ya bati isiyo na dari, eti mteja akija azione zinawaka papo hapo. Niliyouziwa mimi ilikuwa ndani ya nailoni yake, stika haijaguswa. Nilipofungua ripoti ya betri kwenye kompyuta, uwezo wa kiwandani ulisomeka miliwati-saa 48,000, uwezo wa sasa haukufika 37,000, na mizunguko ya kuchaji ilikuwa 2 tu, yaani ilikuwa karibu haijatumika.

Muuzaji anashikilia kwamba betri ambayo haijatumika haiwezi kuchoka. Si kweli hata kidogo. Betri ya litiamu-ioni huzeeka hata ikiwa imelala, na huzeeka upesi zaidi ikiwa imejaa na iko kwenye joto, kwa sababu seli ya betri iliyojaa hadi volti 4.2 haitulii: utando ulio juu ya grafiti, yaani kaboni ya upande hasi, huzidi kunenepa na kumeza litiamu ambayo ingebeba chaji, huku upande chanya elektrolaiti, kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya betri, ikiharibika polepole. Litiamu iliyomezwa hivyo hairudi, uchaji utakavyochaji. Viwanda huongeza kidogo kemikali iitwayo vinilini kaboneti ili utando huo uwe imara, na husaidia, lakini haihimili bati la mchana wa Oktoba.

Kuzihifadhi vizuri hakuna gharama. Ziachwe na chaji ya asilimia 40 hadi 60, mahali pakavu penye ubaridi, na zikaguliwe kila baada ya miezi michache zisije zikaisha kabisa, kwani huko nako ni kuziua. Na katika mji huu ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako Julai tunalalia mablanketi mawili, kudai kwamba hakuna mahali pa baridi ni uzembe mtupu.

Ninadai nibadilishiwe betri, si kuoneshwa maandishi ya risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Wakikataa, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Anayelifahamu duka la Mbeya au Iringa linaloruhusu betri ipimwe uwezo mbele ya mteja kabla ya kulipa, naomba alitaje hapa.