Natumia Illustrator CS6 kwenye kompyuta ya zamani: nipandishe toleo au nibadilishe mashine?

Mwanzisha uzi
Wakuu, heshima kwenu.

Nafanya kazi za usanifu: nembo, vipeperushi, vifungashio. Mashine yangu ni ya mezani, prosesa Core 2 Duo, RAM 4GB, diski ya kuzunguka, Windows 7 ya biti 32. Programu ni za Adobe, Illustrator (ya michoro) na Photoshop (ya picha), toleo la CS6, leseni halali niliyoinunua mara moja. Kwa kazi ninazoanzisha mwenyewe zinatosha kabisa, na mkono umezizoea.

Shida ni faili za wateja. Wananiletea faili za ai, yaani za Illustrator, kutoka matoleo mapya. Nyingine zinagoma kufunguka, nyingine zinafunguka maandishi yakiwa yamekatika vipande vipande. Kuna kazi nzuri imebidi niirudishe, na imeniuma kweli. Niongeze RAM halafu nilipie toleo jipya? Au kuna programu nyepesi inayoweza kunivusha? Fedha ya mashine mpya kwa sasa sina, na la msingi kwangu ni kazi za miaka iliyopita zisipotee.

Fundi Mashine
Mkuu, usilipe kitu kwanza. Photoshop ya sasa inataka RAM 8GB kwa uchache, na Windows ya biti 32 iliachwa tangu toleo la 2019. Windows yako hiyo haitumii hata hizo 4GB zote, hivyo RAM utakayoongeza itakaa bure mpaka upige Windows ya biti 64 upya, maana kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna kupandisha juu kwa juu.

Hata ukifanya hayo yote, bado unakwama kwenye prosesa. Photoshop mpya inadai prosesa yenye SSE4.2, yaani seti ya maagizo iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe, na Core 2 Duo haina. Hicho hakiongezwi kwa fedha wala kwa ufundi. Ukiweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, mashine itachangamka sana, ila faili za wateja zitagoma vilevile.

Binti Nembo
Jaribu Inkscape, programu ya kuchora kama Illustrator. Ni ya bure na nembo inazichora vizuri. Angalia tu toleo linalokubali Windows yako kabla ya kupakua.

Mwanzisha uzi
Asante dada. Vipi kuhusu CMYK, zile rangi nne za uchapaji? Kazi zangu nyingi zinaenda kuchapwa.

Binti Nembo
Hapo ndipo udhaifu wake ulipo, kaka. Inkscape kwa asili inafanya kazi na RGB, rangi za skrini. Mimi nachora humo, kisha naipeleka kazi Scribus, programu ya kupanga kurasa, napanga rangi za CMYK na kutoa PDF ya kiwandani. Ni hatua ya ziada, lakini rangi zinatoka ninavyotaka. Kuna pia Affinity, programu nyingine ya usanifu, imekuwa ya bure tangu Oktoba 2025, ila inataka Windows 10 au 11, kwa hiyo iweke akilini kwa baadaye.

Mchapaji Mkongwe
Naona mnakimbilia programu wakati dawa ya haraka iko kwa mteja mwenyewe. Anapohifadhi faili kwenye Illustrator mpya, kuna sehemu ya kuchagua toleo la zamani, na CS6 imo. Mwombe achague hilo, ageuze maandishi yawe michoro kabla ya kuhifadhi, na akutumie PDF pembeni ya kulinganisha. Nimepokea kazi kwa utaratibu huu muda mrefu na wateja hawakatai, mradi uwaeleze hatua kwa hatua.

Kama mteja hapatikani, nakili ile faili ya ai na ubadilishe mwisho wa jina uwe pdf. Mara nyingi itafunguka, kwa sababu Illustrator huweka PDF ndani ya faili isipokuwa mhusika ameizima. Utaona kazi ilivyo, ingawa tabaka huenda zikavurugika.

Sasa kuhusu kazi zako za zamani, hapa nakuomba uwe makini sana. Kama ulitumia fonti za Type 1, aina ya zamani ya fonti, programu za Adobe ziliacha kuzikubali Januari 2023. Ukihamia toleo jipya bila maandalizi, maandishi yatabadilika sura. Kaa na CS6 yako ikiwa bado hai, fungua kila kazi ya maana, hifadhi nakala ya kwanza kama ilivyo, nyingine yenye maandishi yaliyogeuzwa michoro, pamoja na PDF. Weka kwenye diski ya nje.

Fundi Mashine
Naongezea: ukitaka kupiga Windows upya, ondoa kwanza leseni ya CS6 kwenye mashine kupitia menyu ya msaada. Leseni za namna hiyo haziuzwi tena, CS6 ya 2012 ilikuwa ya mwisho. Na matoleo yaliyokrakiwa usiyaguse, faili za wateja ni amana.

Mwanzisha uzi
Wakuu, nimewaelewa. Naanza na nakala za kazi zote, na wateja nitawaandikia maelekezo hayo. Nikipata fedha ya mashine iliyotumika, niangalie nini?

Fundi Mashine
Intel Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, maana Windows 11 inaanzia hapo na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. RAM 16GB, SSD. Hiyo ya zamani usiiuze: ichomoe kwenye intaneti, ibaki na CS6 ya kufungulia kazi za nyuma.