Fundi uliyefunga mapazia ya ofisini kwenye nyumba za watu, ulitaka tuyafungueje?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Mods, nawaomba msiupeleke uzi huu jukwaa la ujenzi, kule utaoza.

Nimekaa sakafuni sebuleni kwangu, Tabata, vumbi la jipsamu limenijaa mpaka kwenye kope. Reli ya pazia inaning'inia upande mmoja, upande wa pili nimeuegemeza juu ya friji. Na mama mwenye nyumba ameshanitumia ujumbe: "Mwanangu, Jumamosi nakuja kuhesabu."

Anakuja kuhesabu vipande.

Mnayajua haya mapazia, yale ya vipande virefu vilivyosimama wima. Ukivuta kamba vinajikusanya pembeni, ukivuta mnyororo wa shanga vinageuka. Ukienda benki yapo, halmashauri yapo, kwa mwanasheria yapo. Nani aliamua yanafaa sebuleni kwa watu wanaopika ugali na kulea watoto, simjui, ila ningependa kumfahamu. Mimi nyumba nimeikuta nayo: sebuleni ya plastiki, vipande 21, chumbani ya kitambaa. Siku nalipa kodi mama alinionyesha kwa fahari kabisa, akasema yamefungwa mwaka nyumba ilipoisha, 2012. Huo mwaka ushikeni, nitaurudia.

Sasa kwa nini nayatoa. Nina mtoto wa mwaka na miezi minane. Ule mnyororo wa kugeuzia ni kitanzi, unashuka mpaka usawa wa kiti cha kochi. Wiki mbili zilizopita mke wangu katoka jikoni, kamkuta dogo kasimama juu ya kochi, mnyororo kauvaa shingoni kama cheni ya bibi harusi, anacheka, amekunja magoti anataka kuruka. Mama mtu hakupiga hata kelele. Alimbeba, akauvua, akarudi naye jikoni. Kaniambia usiku, taa imezimwa: "Baba Junior, yale mapazia yatoke."

Kwa hiyo anayetaka kuandika hapa "mkuu unakuza mambo" apite tu. Wenzetu wameshazika watoto kwa hivi vinyororo mpaka wakaweka masharti. Ulaya, kiwango cha 2014 kinataka mnyororo kama huu uwe na kifaa cha usalama, kwa mfano kishikizi cha kuubana ukutani, na kitanzi kisishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni. Marekani, tangu Desemba 2018, kiwango chao kinataka mapazia ya aina hii yanayouzwa yakiwa tayari dukani yasiwe na kamba za kuning'inia. Kishikizi chenyewe ni kidude cha plastiki na skrubu mbili. Kwangu hakipo. Hakuna hata tundu la kuonyesha kwamba kiliwahi kuwepo.

Basi nikampigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza. Akasema toa tu, ila uyatunze, ni mali hiyo. Akanipa na namba ya fundi aliyeyafunga. Nikapiga. Naye, nasikia grinda inalia nyuma yake, akanijibu maneno ambayo nitamkumbuka nayo maisha yangu yote:

"Kaka, hayo unavuta tu yanatoka."

Nikavuta. TAK.

Kipande cha kwanza kikabaki mkononi mwangu, kichwa chake kikabaki juu. Nikasema labda hiki kilikuwa kibovu. Cha pili, tak. Cha tatu nilikivuta taratibu huku nakiombea, tak. Cha nne nilikivuta kwa hasira, hicho ni dhambi yangu mwenyewe. Nampigia fundi tena, haipokelewi. Mpaka leo haipokelewi.

Aliyeniokoa ni dada mmoja anayeishi chini yetu, anafanya usafi kwenye ofisi mjini. Alikuja kuleta bakuli la mke wangu, akanikuta juu ya ngazi natukana. "Shemeji, unavuta nini sasa? Geuza kwanza vikae wazi, viangaliane. Halafu nipe kadi yoyote." Nikampa kadi ya mwendokasi.

Akapanda. Akanionyesha kitu ambacho fundi aliyelipwa hela hakunionyesha. Pale juu kila kipande kimeshikwa na kindoano chenye midomo miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi. Kipande kinapita katikati, na tundu lake limekaa kwenye kijino. Ukivuta chini unavutana na hicho kijino, na cha kukatika ni plastiki nyembamba iliyo juu ya tundu, upana wake hata kucha ya kidole kidogo haifiki. Unachotakiwa ni kuingiza kadi kati ya kipande na kile kijino, unanyanyua kipande kidogo KWENDA JUU, kikishaachia ndipo unakishusha kikipita juu ya kadi. Sekunde tano. Alitoa vitano mfululizo bila jasho, akashuka, akaniambia ya chumbani nianze na kale kamnyororo ka chini kanakounganisha vile vyuma vya uzito vilivyo mwishoni mwa vipande vya kitambaa, la sivyo vitajisokota vyote kama nywele za rasta. Akaenda zake kupika.

Nilivyoendelea mwenyewe, kwa kadi, kwa adabu, vingine vitatu vikakatika. Na hapa ndipo 2012 inapoingia. Dirisha letu linatazama magharibi. Kuanzia saa tisa mchana mpaka magharibi jua lote la Dar linaishia kwenye hiyo plastiki. Plastiki ikipigwa na jua miaka yote hiyo inakuwa ya njano, inakuwa kavu kama papadi. Vipande vya pembeni, vinavyokaa kwenye kivuli cha ukuta, vimetoka vizima vyote na bado vinapinda. Vya katikati ukivigusa tu vinalia. Vilivyokatika ni saba, na vyote saba ni vya katikati. Mama anasema nimevivunja. Mimi nasema nimevikuta marehemu, nimewashusha tu.

Tuje kwenye reli, maana huko ndiko nilikotaka kulia.

Reli ya pazia hizi haitakiwi kukusumbua. Inabanwa na breketi zenye springi, unaingiza bisibisi bapa kati ya breketi na reli, unazungusha kidogo, inaachia. Mtu mmoja kila upande, maana ni aluminiamu ya mita 2.4, mnashusha, basi. Sasa mimi nazitafuta breketi sizioni. Natazama juu, natazama nyuma, natia tochi ya simu. Hakuna. Mtu alifunga pazia KWANZA, halafu ndipo wakaja watu wa jipsamu wakapitisha mkanda wa maua mbele ya breketi, wakapiga skimu, wakapaka rangi. Rangi imeingia mpaka ndani ya reli! Yaani ile pazia haikufungwa, ilizikwa.

Nimekwangua mkanda kwa kisu cha mezani saa nzima kuipata breketi ya kwanza. Springi ina kutu imegandamana, hii chumvi ya hewa yetu mnaijua. Haikuachia. Nikasema basi nifungue skrubu ya breketi yenyewe, kumbe kichwa cha skrubu kimeshaliwa, ni duara tupu, bisibisi inateleza tu. Nikavuta. Ikatoka na plasta ya ukubwa wa sahani.

Nikachungulia tundu nione fisha, ile plastiki ya kushikilia skrubu ukutani, imekaaje. Wakuu, hamna fisha. Mle ndani kuna kipande cha kandambili. Kandambili ya bluu, imekatwa vizuri kwa wembe, ikashindiliwa tunduni, skrubu ikazungushwa humo humo. Mzigo wote ule, juu ya kichwa cha mwanangu, umeshikwa na kandambili. Nimeiweka kwenye kisosi, Jumamosi nitamkaribisha nayo mama pamoja na chai.

Maana mama, baada ya kumtumia picha, kanirudishia hesabu: shilingi 280,000, seti nzima, kwa sababu "rangi hiyo haipatikani tena mwanangu, siwezi kuchanganya". Atakata kwenye ile kodi ya mwezi mmoja niliyoacha kama dhamana. Plasta ni hesabu nyingine, fundi wake atakuja kuipima. Fundi wake yupi? YULE YULE. Simu yangu hapokei, ya mama anapokea.

Mkataba nimeusoma mara tatu. Unasema nirudishe nyumba kama nilivyoikuta "isipokuwa uchakavu wa kawaida". Plastiki ya tangu 2012 dirisha la magharibi kama si uchakavu wa kawaida, naomba wanasheria wa humu mnieleze uchakavu wa kawaida unafananaje. Naomba mnieleze kabla ya Jumamosi.

Nyongeza, saa 4 usiku: Wanaoniambia "si ungefunga mnyororo juu na kipande cha waya", nilifunga. Dogo anasukuma stuli. Na anayesema mwanaume mzima nimeshindwa na pazia, njoo Tabata, breketi mbili bado zimo ndani ya jipsamu, ngazi ipo na kisu kipo.

Nyongeza ya pili: Ahsante mkuu uliyenitumia ujumbe kuhusu vile vibati vidogo vyenye tundu vya kubandika kwenye kichwa cha kipande kilichokatika. Kama kuna mtu anajua duka Kariakoo linalouza vya kipande cha milimita 127, nataka saba. Hapana, kumi, vya katikati bado vinalia.